Miti Kumi na Tisa Iliyopisha Sherehe ya Upandaji Miti

Luhende wa Milembe aliukata msitu wa ukoo wake, miti kumi na tisa iliyosimama, ili wageni wapate mahali pa kupanda miti. Hilo ndilo kosa lenyewe na halihitaji kuzungushwa. Aliukata mchana kweupe, kwa msumeno wa injini, chenso ya kukodi, siku ambayo shemeji yake Odeta, mwenye dhamana ya msitu huo, alikuwa ng'ambo ya daraja la Busisi akinunua viazi. Ukimuuliza leo atakwambia alifanya vile kwa ajili ya mazingira. Atakwambia hivyo akiwa amevaa fulana.

Fulana yenyewe ni ya kijani na ina maandishi kifuani. Odeta hajui kusoma, kwa hiyo alimwomba jirani yake Gladness, fundi cherehani, amsomee. Gladness alisoma, akafunika mdomo kwa kipande cha kitenge.

"Unacheka nini?"

"Imeandikwa 'Mimi ni Rafiki wa Mti'."

"Na adui wa mti, wamempa nguo gani?"

"Labda suti," alisema Gladness.

Odeta ana miaka hamsini na mitatu. Shule hakwenda kwa sababu baba yake, kule Magu, alikuwa na ndama wengi na watoto wa kiume wachache, na ndama hawawezi kujichunga. Akiwa na miaka kumi na tisa aliolewa na Paulo, mtoto wa Milembe, akaletwa Ng'wabuyage, kilima cha mawe kilicho juu ya barabara ya Shinyanga ukishapita Buhongwa. Siku hizo kilimani palikuwa na miji mitatu ya watu, mashamba ya mtama na fisi. Siku hizi pana nyumba za bati la rangi, maduka ya vocha, na watu wanaouliza kiwanja kinauzwaje kabla hawajasalimia.

Mtoto wa kwanza wa Odeta alizaliwa kimya. Wa pili aliishi siku sita, akaondoka kabla hajapewa jina. Wakati huo Odeta alikuwa hazungumzi na mtu, akikaa tu jikoni kwa mama mkwe wake akiangalia moto. Siku moja Milembe alimwendea.

"Umemlilia?"

"Nimemlilia, mayu."

"Vizuri. Vua viatu, twende ukampande."

Ndivyo alivyoingia msituni mara ya kwanza. Ulikuwa nyuma ya mawe makubwa, umezungushiwa minyaa, hauzidi uwanja wa mpira, na kila mti ndani yake ulikuwa umepandwa na mama aliyemzika mtoto wake kabla ya jina. Palikuwa na mikuyu, mikwaju, mizambarau na mininga. Desturi ya ukoo huo ni kwamba mama hupanda mti mwenyewe na kuumwagilia mwenyewe, hata kama kisima kiko mbali, mpaka siku atakapoweza kukaa chini yake na kivuli kikamfunika mwili wote. Siku hiyo hutamka jina alilokuwa amelikusudia. Hulitamka mara moja, mbele ya mwanamke mmoja tu, yule mwenye dhamana ya msitu, ambaye hulihifadhi kichwani asimwambie mtu mpaka atakapomwachia mwenzake dhamana. Baada ya hapo mama hutoka, huoga, na huhesabiwa amemaliza kulia. Panga haliingii mle. Kuni ni zile zilizoanguka zenyewe. Wanaume huishia kwenye minyaa.

Odeta alipanda mkwaju na mkuyu. Mkuyu ulimfunika mwaka wa nne. Mkwaju ulimchelewesha, una majani madogo na una maringo, alikaa chini yake mara tatu na kila mara bega moja likabaki juani. Milembe alikuwa akicheka. "Huyo wako mbishi, angekuwa hai angekusumbua." Ndiyo maneno yaliyomponya Odeta kuliko pole zote alizopewa, maana yalimfanya mtoto yule awe mtu mwenye tabia.

Baadaye alimzaa Shigela, ambaye yuko hai na anafanya kazi Geita, na hapo mambo yakakaa sawa kidogo. Paulo alifariki kwa ugonjwa wa tumbo. Milembe naye alipoona siku zake zinaisha alimwita Odeta, akamtajia miti kumi na tisa, mmoja mmoja, na majina yake kumi na tisa. Alimkaririsha kwa siku nne. Akikosea hata mmoja, wanaanza upya kutoka kwenye jiwe la kuingilia. Kwa miaka kumi na miwili iliyofuata Odeta aliuza michembe na matobolwa, viazi vitamu vya kukausha, stendi ya Buhongwa, na kila wiki alipanda kilimani bila viatu, akayapitia majina yake yote, akatoa mitambaazi, akateremka. Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa nayo. Haikuwa na fulana.

Sasa tumtazame Luhende. Ni mdogo wake Paulo, kitinda mimba wa Milembe, mtu mnene mwenye sauti nzuri ya mikutanoni. Alijaribu ng'ombe, wakafa. Alijaribu mitumbwi, ikaoza ikiwa nchi kavu. Mwaka juzi lilipokuja shirika moja lenye ofisi mjini, Nyamagana, likitafuta watu wa kuunda kamati za mazingira, Luhende alichaguliwa mwenyekiti kwa sababu ndiye aliyefika wa kwanza na kukaa kiti cha mbele. Shirika lilileta kijana mtanashati aitwaye Revocatus awe mratibu. Revocatus alikuwa na gari, kompyuta na viatu vyeupe ambavyo alivifuta kila alipokanyaga Ng'wabuyage, kana kwamba kilima kimemkosea.

Shirika lilikuwa na miche mia mbili na tarehe ya sherehe. Kilichokosekana ni uwanja. Kila pembe ya kilima ilikuwa imeshauzwa viwanja, na mwenye kiwanja hapendi mti wa mtu mwingine. Revocatus akaona nyuma ya mawe kuna eneo la ukoo lisilo na nyumba.

"Pale pana nini, mwenyekiti?"

"Vichaka tu," alisema Luhende.

Ni kweli kwamba yeye hakuwahi kuvuka ile minyaa. Alichokuwa anakijua ni vichaka, na mtu husema anachokijua.

Odeta aliporudi na magunia yake ya viazi, bodaboda ilipoanza kupanda kilima, aliona ziwa. Alimwambia dereva asimame. Miaka thelathini na minne amepanda njia ile na hajawahi kuliona ziwa kutoka pale, maana msitu ulikuwa mbele yake. Sasa maji yote yalikuwa wazi mpaka visiwani, yanang'aa kama sinia lililosuguliwa. Aliacha magunia barabarani akaenda kwa miguu.

Akawakuta Luhende na Revocatus wanapima kwa futi. Minyaa ilikuwa imelala chini inatoa maziwa. Visiki vilikuwa bado vibichi. Magogo hayakuwepo.

"Shikamoo mama," alisema Revocatus. "Karibu uone. Tumefungua mandhari!"

Odeta alimpita. Alimgeukia shemeji yake. "Luhende. Miti iko wapi?"

"Ipo, shemeji. Jumamosi inakuja mia mbili."

"Iliyokuwepo iko wapi?"

"Ile? Amechukua mtu wa matofali kule Buswelu, kuni za tanuri. Ametusaidia kusafisha bure kabisa, hata hatukumlipa." Alisema hivyo kwa fahari, kama aliyepata mtu wa kumlimia shamba kwa soda. "Usikunje uso shemeji. Iliyokuwepo kumi na tisa, inayokuja mia mbili. Hapo nani amepata hasara?"

Odeta alivua kandambili zake. Alitembea kati ya visiki akivitaja kimoyomoyo, na hapo ndipo alipogundua kwamba amekwama kwenye wa saba. Aliyakariri majina kwa kupita, kwa vivuli, kwa mzizi uliojitokeza pale na tawi lililoinama pale. Visiki vyote vinafanana. Alianza upya kutoka kwenye jiwe, akafika wa saba, akakwama tena. Revocatus alimtazama, akamnong'oneza mwenyekiti, "Mama anasali?" Mwenyekiti akasema, "Ana presha."

Jumamosi ilifika na mahema yake. Palikuwa na spika mbili, kwaya, viti vya plastiki na mshereheshaji aliyepiga kelele tangu saa mbili asubuhi kwamba mgeni rasmi yuko njiani. Mgeni rasmi alifika saa saba na nusu. Wakati huo jua lilikuwa limewachoma watu wote, kwa kuwa mahema yalikuwa ya wakubwa na kivuli kingine hakikuwepo. Kina mama wawili walizimia. Mshereheshaji alisema hapo ndipo mtu anaelewa umuhimu wa miti.

Miche ilikuwa miashoki, ile miembamba iliyonyooka kama mishumaa inayopandwa kwenye mageti ya mahoteli. Mwashoki hautoi tunda, haukaribishi ndege, na kivuli chake hakitoshi kufunika kuku. Kila mche uliandaliwa kibao cheupe chenye jina la atakayeupanda. Watu muhimu walipanda kwa haraka, mmoja baada ya mwingine, picha ikipigwa, na kwa kuwa hawakutaka kuchafua mikono, waliitumbukiza miche shimoni pamoja na viriba vyake vya plastiki. Odeta aliona. Gladness aliona. Kila mwanamke aliyewahi kupanda hata mchicha aliona. Hakuna aliyesema, maana mshereheshaji alikuwa ameomba utulivu.

Shimo la mgeni rasmi lilichimbwa kando ya kisiki cha mkwaju, mahali penye ziwa zuri kwa nyuma. Juu ya kisiki hicho alikuwa amekaa Odeta, miguu mitupu, mikono mapajani. Alikuwa amekaa pale tangu asubuhi, na kwa saa zote hizo kila mtu alifikiri mwenzake ndiye atakayemwondoa.

"Shemeji, nakuomba," alisema Luhende akitabasamu kwa ajili ya kamera. "Nakuomba mbele za watu."

"Mimi sikuombi kitu. Panda mti wako."

"Umekalia sehemu ya protokali!"

"Nimekalia mtoto wangu."

Mgeni rasmi akasikia. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi na sura ya huruma, na alichuchumaa kabisa, suruali ikagusa vumbi. "Mama yangu, una tatizo gani? Niambie mimi."

Odeta alimwambia. Hajawahi kumweleza mwanaume habari ya msitu ule, hata Paulo, lakini siku hiyo alieleza yote isipokuwa majina: mama anayepanda, maji, kivuli, miti kumi na tisa, matofali ya Buswelu. Mgeni rasmi alisikiliza mpaka mwisho. Macho yake yalilowa. Odeta akafikiri, huyu ameelewa.

Mgeni rasmi alisimama akachukua kipaza sauti. "Ndugu zangu! Mnamuona mama huyu? Hakusoma, lakini anapenda mazingira kuliko sisi wenye digrii! Mche wangu naomba aupande yeye!"

Watu wakapiga makofi. Kwaya ikaanza bila kuambiwa. Mgeni rasmi aliuchukua mche, akauweka mikononi mwa Odeta taratibu, mkono mmoja chini na mwingine nyuma, vile vile wanavyokukabidhi mtoto mchanga. Odeta alitaka kuutupa. Anasema hivyo hadi leo, na waliokuwepo wanaamini. Mikono ilikataa. Iliupokea yenyewe, ikaukumbatia, na hapo ndipo kamera zote zilipolia.

Mgeni rasmi alikuwa na ratiba nyingine. Saa nane hakuwepo.

Mwezi wa kwanza ulipoingia, shirika liligawa kalenda. Gladness alikuja nayo mbio, uzi ukiwa bado mdomoni. Mwezi wa nne, picha nzima: Odeta amekumbatia mwashoki, ziwa nyuma yake.

"Wameandika nini chini?"

Gladness alitoa uzi mdomoni. "'Mama wa Ng'wabuyage akitoa shukrani.'"

"Soma vizuri."

"Nimesoma vizuri, dada. Ndivyo walivyoandika."

Kalenda ile iko kwenye maduka yote mpaka stendi. Wateja wa michembe wanamwambia, "Mama Shigela, umekuwa staa!" Anawafungia michembe yao.

Alipeleka shauri kwa wazee wa ukoo, maana msitu ulikuwa wa ukoo na ukoo una baraza. Wazee walikutana kwa Ngosha, mkubwa wao, mtu aliyekuwa na meno manne na sifa ya kupenda haki. Wanaume walikaa vitini, Odeta akapewa mkeka.

Luhende alijitetea vizuri. "Baba zangu, mimi ni mwanaume. Sisi hatuingii mle, mnajua. Ningejuaje kilichomo?"

"Kwa hiyo kwa kuwa hukuruhusiwa kuingia na miguu," alisema Odeta, "ukaingia na chenso."

Wazee wawili walicheka, Ngosha akawakoholea.

"Na kwa kuwa anauliza kilichomo," aliendelea, "nitamwambia kimoja tu, baba zangu, mnisamehe. Mitatu ya kwanza baada ya jiwe ilipandwa na Milembe. Alizika watatu kabla ya kumpata Paulo. Luhende, umewauza kaka zako kwa mtu wa matofali, tena bure."

Pakawa kimya. Luhende akaushika ukingo wa fulana yake.

"Mama hakuniambia."

"Ungemuuliza lini? Kila ulipomwendea ulikuwa unataka ng'ombe."

Kwa muda mfupi ilionekana kama kitu kitatokea. Luhende alikuwa ameinama, na jasho lilimtoka usoni likachuruzika mpaka kwenye 'Rafiki wa Mti'. Kama wangemwacha hivyo hivyo, Odeta anaamini, angeomba ndoo ya kumwagilia yeye mwenyewe. Lakini Ngosha hakupenda kimya kirefu. Alisema jambo ni zito, na jambo zito kwa desturi ni dume la ng'ombe. Luhende akainua kichwa haraka. Alifurahi! Dume analijua; dume ni kitu cha kutoa na kumaliza. Alilileta baada ya siku tatu.

Wazee walilichinja, wakalichoma, wakalila. Walikula wale walioamua na wale waliosikiliza, na Luhende mwenyewe alikula, kwa kuwa ni aibu kumnyima mtu nyama ya dume lake. Jioni walimtumia Odeta kipande cha shingo kimefungwa kwenye mfuko, pamoja na salamu kwamba shauri limekwisha. Alikipeleka kwa mbwa wa Gladness. Mbwa alikila chote. Hakuwa na mti pale.

Leo ukipanda Ng'wabuyage utaliona ziwa vizuri sana. Mvua za masika zilibeba udongo wote uliokuwa nyuma ya mawe zikauingiza uani kwa Luhende, na sasa kuku wake wanatembea kwenye tope la watoto wa watu. Miashoki ilikauka ndani ya plastiki zake. Michache iliyobaki ililiwa na mbuzi, nao hawakuonyesha kufurahia. Vibao vyeupe vimebaki, mistari mizuri iliyonyooka, kila kimoja na jina la mtu mkubwa na tarehe. Mgeni akipita humuuliza mwenyeji mazishi yale yalikuwa ya ajali gani. Wenye majina wote wako hai, wanapumua hewa mjini. Wale ambao kweli walipandwa pale hawana hata kijiti.

Wanawake saba kati ya waliopanda bado wako hai. Wengine ni vikongwe. Huja kwa Odeta mmoja mmoja, husukuma mlango bila kubisha, hukaa. "Wangu ulikuwa wapi, mwanangu? Kushoto kwa mzambarau, au mbele yake?" Anawaonyesha kisiki. Mara nyingine hana hakika kama ndicho. Majina yalimrudia baadaye, yote kumi na tisa, ila anayaweka kichwani kama mtu aliyebeba maji kwenye viganja. Shigela amempigia simu mara mbili akimwambia aachane na hayo, ahamie Geita. Amemjibu kwamba atahama deni likishalipwa.

Na deni liko hivi. Revocatus anadaiwa kuja na viatu vyake vyeupe kung'oa vibao, vyote mia mbili, na kutafuta neno lingine la kuandika chini ya picha. Mgeni rasmi anadaiwa jibu, maana aliuliza tatizo ni nini na akaambiwa. Ngosha na wazee wenzake wanadaiwa kikao kingine, kikao cha uji, kisicho na nyama, wakae mpaka kile kimya kiishe chenyewe. Luhende anasema ameshalipa, dume zima, na ana mashahidi walioshiba. Luhende hajalipa kitu. Anadaiwa miti kumi na tisa, aipande bila viatu kwenye nafasi zile zile Odeta atakazomwonyesha, aibebee maji kutoka kisimani kwa kichwa chake, mvua na kiangazi, mpaka kila mmoja uweze kumfunika mwanamke aliyeketi. Anadaiwa kuanza na ile mitatu ya mama yake. Na anadaiwa kuanza sasa, kwa sababu mkwaju unachelewa kukua, na mwanamke anayekumbuka mahali ulipokuwa ana miaka hamsini na mitatu.